Sahihi ya Mtu Baki

Jumamosi hiyo watu walijaa Stesheni Kuu ya Glasgow mpaka ungedondosha leso isingefika sakafuni. Upepo ulikuwa umeangusha nyaya za umeme kwenye reli zote za kwenda pwani, na ubao wa safari ukabaki na neno moja kutoka juu mpaka chini: imefutwa, imefutwa, imefutwa. Walikuwepo mashabiki wa mpira na skafu zao, walikuwepo wasichana wa sherehe waliokwisha kuvua viatu na kuvishika mkononi, alikuwepo na mzee mmoja mwenye mbwa ndani ya kikapu. Katikati yao alisimama Senga Purdie, mwanamke wa miaka hamsini, mfupi, mnene wa kupendeza, koti lake la mvua la samawati limefungwa vifungo mpaka kidevuni, amekumbatia boksi bapa kama aliyebeba mtoto mchanga.

Ndani ya boksi mlikuwa na kilti, ile sketi ya mikunjo wanayovaa wanaume wa Uskoti. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Senga, kushona kilti za wanaume, mikunjo yote kwa mkono, sindano na uzi, bila haraka. Bwana harusi mwenye kilti hiyo alikuwa Gourock, huko pwani, amekaa kitandani na shati na soksi ndefu, chini hana kitu, na kanisani alitakiwa saa nane.

"Yaani hakuna hata treni moja?" Senga aliuuliza ule ubao.

"Hakuna," akajibu mtu nyuma yake.

Aligeuka. Aliona mwanamume mrefu, mkavu, sweta la kijani lenye vumbi la mbao mabegani, mikono mipana na macho ya kijivu yaliyotulia.

"Kwamba hakuna naliona mwenyewe, baba. Ninachotaka ni mtu wa kuniambia nitafikaje Gourock."

Yule bwana akafikiri. Alifikiri muda mrefu hata Senga akaanza kumgeuzia mgongo.

"Nina gari," akasema.

Aliitwa Murdo Galbraith, mwalimu wa useremala, na pale stesheni alikuja kumpokea dada yake ambaye treni yake nayo ilikuwa imefutwa. Kwao ni visiwani, Lewis, na watu wa huko maneno huyatoa kidogo kidogo kama dawa ya kijiko. Njia nzima mvua ilipiga kioo, mto Clyde ukawafuata upande wa kulia, gari likanuka msonobari na gundi. Senga alimsimulia marehemu mumewe, akamsimulia mwanawe Fraser anayefundisha China, akamsimulia sufu nzuri na sufu mbaya. Murdo alisema, "Ndiyo," akasema, "Sawa," na walipofika Greenock akasema, "Kuna biskuti hapo mbele yako."

Walifika saa saba na nusu. Bwana harusi alimkumbatia Senga mlangoni na taulo kiunoni.

"Wewe bwana," Senga alimwambia Murdo wakiwa njiani kurudi, "samaki unakula?"

"Nakula."

"Basi Ijumaa uje kwangu Partick. Saa kumi na mbili. Na uje na maneno, mimi nitanunua chipsi."

Ndivyo zilivyoanza Ijumaa zao. Saa kumi na mbili kamili kengele inalia, Murdo anapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, anavua kofia, anakaa kiti cha karibu na dirisha. Wanakula samaki wa kukaanga na siki nyingi, kisha chai, kisha Murdo anatengeneza chochote kilicholegea mle ndani, mlango wa kabati au mguu wa meza. Baadaye akajiunga na kwaya ya Senga pia, akaimba besi, taratibu, nusu pigo nyuma ya wenzake. Saa tatu anavaa kofia, anambusu shavuni, anashuka. Yeye alimwita "Bi Senga," naye Senga akamwita "Mwalimu," kwa utani mwanzoni, kisha kwa mazoea. Majirani wakiuliza, Senga alijibu, "Ni rafiki." Murdo akiwa pale alisikia, na hakusema ndiyo wala hapana.

Karibu miaka miwili ikapita hivyo. Senga hakumlaumu. Ila siku nyingine, akiosha zile sahani mbili, alijiuliza kama mwanamume anaweza kuja Ijumaa mia moja kwa ajili ya samaki tu.

Mwezi wa tatu Fraser akapiga simu kutoka Chengdu. Mkewe Yan alikuwa na mimba ya miezi sita.

"Mama, Yan anakuulizia. Huku mtu akijifungua hukaa ndani mwezi mzima, hagusi maji baridi, hatoki nje kwenye upepo, na anayemtunza ni mama yake. Yeye mama yake alikufa, unajua. Haulizi kwa nguvu, anauliza kwa aibu."

"Mpe simu."

"Yupo hapa, anasikia."

"Yan mwanangu," Senga alisema kwa sauti kubwa, maana aliamini China ni mbali, "mama yako anakuja."

Upande wa pili kukasikika kilio kidogo. Fraser akakata tiketi ya tarehe kumi na nne mwezi wa sita. Mtoto alitarajiwa tarehe ishirini.

Katikati ya mwezi wa tano Senga akaamua kusafiri na koti safi. Akalitia lile koti la samawati kwenye mashine ya kufulia, maji ya moto, akakaa zake kushona. Pasipoti yake, aliyokuwa ameiweka mfuko wa ndani ili isipotee, ikazunguka humo saa nzima na nusu.

"Mwalimu!" alipiga simu. "Nimejifua!"

"Umefua nini?"

"Nimejifua mwenyewe! Pasipoti! Imetoka uji mtupu, pichani nimebaki pua na nusu ya shavu!"

Murdo akafikiri. "Usiikaushe kwa pasi."

"Nimeshaikausha kwa pasi."

"Basi imekauka," Murdo akasema, na Senga, ingawa machozi yalikuwa yanamlenga, akacheka.

Ofisi ya pasipoti walimpa nafasi Jumanne, saa nne asubuhi. Nafasi nyingine ilikuwa baada ya tarehe kumi mwezi wa sita, na hapo viza ya China isingewahi tena. Alitakiwa aje na fomu iliyojazwa na picha mbili mpya, moja imeandikwa nyuma na kutiwa sahihi na mtu mwenye kazi inayotambulika, aliyemjua miaka miwili au zaidi, naye awe na pasipoti yake.

Senga alihesabu kwa vidole. Tangu siku ya Gourock ilikuwa miaka miwili na mwezi mmoja. Mwalimu ni kazi inayotambulika. Na Murdo pasipoti anayo, aliwahi kwenda Norway kutazama makanisa ya mbao. Akalala usingizi mzuri.

Ijumaa alivaa blauzi ya rangi ya krimu yenye lesi shingoni, akampa Murdo samaki mkubwa kuliko wake, kisha akamwekea fomu, picha na kalamu nyeusi.

"Hapa, na hapa nyuma ya picha."

Murdo akavaa miwani. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine, akachukua na kile kijitabu cha maelezo ambacho Senga hakukifungua kabisa.

"Husomi, Mwalimu, unasaini."

"Nasoma kwanza."

"Kurasa zote hizo?"

"Nitaenda nayo nyumbani. Kesho asubuhi nakuletea."

Jumamosi saa tatu asubuhi kengele ikalia. Murdo alisimama kizingitini, kofia imelowa, fomu iko ndani ya mfuko wa plastiki, kavu. Hakuingia.

"Bi Senga, siwezi kusaini."

"Kalamu haikuandika?"

"Kalamu ni nzima. Siruhusiwi."

"Nani kakukataza?"

"Fomu." Masikio yakamwiva. "Usome ukurasa wa..."

"Mimi nisome? Nimekuwekea chakula Ijumaa mia moja, Murdo Galbraith, leo nakuomba wino! Mkwe wangu hana mama. Hana mtu! Nimemwambia kwa kinywa changu nakuja. Kama hutaki niende, sema hutaki niende, usijifiche nyuma ya karatasi."

"Nataka uende."

"Basi saini!"

"Siwezi," akasema tena, polepole, kama mtu anayebeba kitu kizito na hajui pa kukitua.

Senga akaichukua ile fomu na kufunga mlango. Hakuubamiza, ila aliufunga, na ukapita muda mrefu ndipo aliposikia viatu vya Murdo vikishuka ngazi.

Siku mbili hizo alihangaika. Kasisi aliyembatizia Fraser alikuwa amestaafu na kuhamia Hispania, na huyu mpya alikuwa na miezi minane tu hapo kanisani. Kwa daktari, msichana wa mapokezi alimwambia daktari hasainii wagonjwa, husainia marafiki. Jirani wa chini ni dereva wa basi, wa juu ni msusi, na hawakuwemo kwenye orodha. Jumapili hakwenda kwaya kwa kuogopa kumwona mtu mmoja kwenye safu ya besi. Mara tatu simu yake iliwaka jina la Mwalimu, mara tatu akaigeuza kifudifudi juu ya meza.

Jumatatu asubuhi akaenda posta ya barabara ya Dumbarton. Bi Nusrat, mwenye kaunta, alikuwa amemuuzia stempu miaka kumi na mbili. Alivaa shalwari ya zambarau na sweta la mumewe juu, maana mle ndani palikuwa baridi, na aliusoma uso wa Senga kabla hajafika kaunta.

"Dada Senga, nani kakuudhi?"

Senga akamwaga yote. Bi Nusrat akasikiliza huku anapiga mihuri vifurushi.

"Ningekusainia mimi, haki ya Mungu. Kazi yangu imo. Lakini pasipoti yangu imekwisha tangu Desemba. Mimi, muuza fomu! Usimwambie mtu." Akachukua kijitabu cha maelezo, akakifungua ukurasa wa tisa bila kutafuta. "Sasa, huyo aliyekataa, ni nani wako?"

"Si mtu. Rafiki. Anakuja Ijumaa."

"Anakuja Ijumaa," Bi Nusrat akarudia, na nyusi moja ikapanda. "Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa."

"Unampikia?"

"Nanunua. Yeye ananirekebishia makabati. Miaka miwili sasa."

"Dada, umesoma masharti ya mtia sahihi?"

"Nimesoma miaka miwili na kazi."

"Yako mengine." Akaweka kidole chenye pete juu ya karatasi na kusoma kama anasoma barua ya mahakama. "Asiwe ndugu wa mwombaji, wa damu wala wa ndoa. Asikae naye nyumba moja. Na asiwe na uhusiano wa kimapenzi na mwombaji." Akainua macho. "Kwa kifupi wanataka mtu baki. Mtu ambaye wewe ukiondoka, yeye jioni atakula chakula chake vizuri tu."

Senga akaivuta ile karatasi aisome mwenyewe. Nyuma yake mzee mmoja aliyeshika barua ya kodi alisogea karibu asipitwe.

"Hajawahi kuniambia," Senga akasema taratibu. "Hajawahi kutamka hata siku moja."

"Sasa ametamka. Kakwambia hawezi kuweka sahihi kwamba wewe si wake. Wanaume wengine huleta maua, huyu wako kaleta fomu tupu."

"Na mimi nimemfungia mlango."

"Utaufungua. Kwanza upate sahihi, leo ni Jumatatu." Bi Nusrat akateremsha kidole kwenye orodha ya kazi. "Daktari wa meno... mwandishi wa habari... afisa wa zimamoto... mwenye kampuni ya mazishi. Mwenye kampuni ya mazishi! Humjui mmoja?"

Senga akamshika mkono juu ya kaunta. Archie Tannock. Walikuwa wameimba naye kwaya moja miaka tisa.

Alitoka nje na simu mkononi. Mvua ilikuwa imeanza, nyepesi, ya kulowesha nywele. Ilipokelewa mlio wa kwanza.

"Murdo."

"Bi Senga."

"Uko darasani?"

"Niko kwa Archie Tannock."

Senga akasimama katikati ya njia ya watu. "Unafanya nini huko?"

"Namsubiri. Yuko makaburini, atarudi saa tano. Jana baada ya kwaya aliondoka kabla sijamuwahi. Nilikwenda kwa daktari wako wa meno vilevile, lakini alikataa, alisema wewe husahau miadi yako kila mara." Akavuta pumzi. "Nilikupigia simu."

"Niliona. Na shule je?"

"Nimeomba ruhusa. Nikasema nakwenda ofisi ya mazishi. Wakanipa pole."

Senga akacheka pale njiani, peke yake, mpaka mwanamke mwenye kigari cha mtoto akamkwepa.

"Murdo, nimesoma ukurasa wa tisa."

Alisikia saa ya ukutani ya Archie ikigonga huko ndani ya simu.

"Usiondoke hapo," akasema. "Usithubutu."

Ofisi ya Archie Tannock ilinuka nta na mayungiyungi. Murdo alikuwa ameinama mbele ya jeneza la maonyesho, akipitisha kidole gumba kwenye kona.

"Kiungo hiki kimepigwa gundi tu," akasema bila kugeuka. "Mbao hazikushikana."

"Acha jeneza la watu." Senga alisimama mlangoni, nywele zimemganda kwenye paji la uso, koti la samawati, ambalo kwa kweli lilikuwa limetoka safi sana, linachuruzika. "Nigeukie mimi. Kwa nini huruhusiwi kunisainia?"

"Umesoma mwenyewe."

"Nimesoma maneno ya serikali. Nataka yako."

Murdo akageuka. Kofia aliizungusha mkononi mara mbili.

"Sharti la ndugu nilipita," akasema. "La nyumba moja nikapita. Nikafika lile la tatu, nikaona... nikisaini hapa naandika kwamba wewe si kitu kwangu. Kwa wino mweusi. Nilikaa nalo mpaka chai ikapoa." Akatazama sakafu. "Na wewe uko mbioni kwenda kwa mkweo. Nikasema, huu si wakati wa kumwambia mtu mambo mazito, ataona namshika mguu asiende."

"Ukaona afadhali nikuone roho mbaya."

"Sikuona. Maneno yaligoma."

"Basi yalazimishe. Sasa hivi."

Na Murdo Galbraith, mtu wa Lewis, akasema kati ya jeneza la mwaloni na jeneza la msonobari, "Nakupenda, Senga. Tangu Greenock."

"Greenock? Nilifanya nini Greenock?"

"Ulikula biskuti zangu zote huku unaongea."

Senga alimwendea na kumkumbatia hivyo hivyo na mvua yake, kichwa kikamfika kifuani kwenye lile vumbi la mbao. "Mjinga we," akamwambia sweta. "Mjinga wangu we. Siku mbili nzima nimekula mkate mkavu kwa hasira."

Mlango ukafunguka. Archie Tannock aliingia na koti lake refu jeusi, kofia ndefu kwapani, udongo kwenye viatu. Aliwatazama, akaiweka kofia mezani kwa heshima.

"Poleni sana. Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Archie," Senga akasema, akijifuta macho. "Nataka sahihi yako."

Archie aliposikia habari yote alikaa, akavaa miwani, akatoa kalamu ya wino yenye kifuniko cha dhahabu. "Na mbona asisaini huyu bwana? Si mwalimu?"

"Siruhusiwi," Murdo akasema, na safari hii alitabasamu.

"Ah! Hilo safu yote ya besi inalijua. Lakini ungeandika tu, nani angejua?"

"Ningejua mimi."

Archie akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa ubao mzuri. Akaandika nyuma ya picha, herufi kwa herufi, kwamba anathibitisha hii ni sura halisi ya Bi Senga Purdie, na wote watatu wakapuliza wino ukauke.

"Maisha yangu yote nasaini karatasi za watu wasiorudi," akasema akimrudishia. "Utarudi?"

Senga alimtazama Murdo. "Nitarudi."

Jumanne saa nne kasoro robo Senga alikuwa kwenye foleni, suruali ya kijivu, viatu vilivyopigwa kiwi, karatasi zote zimepangwa kwa ukubwa. Karani alilinganisha picha na uso, uso na picha, akaishika ile pasipoti iliyofuliwa kwa ncha za vidole.

"Aliyekusainia ni wa mazishi?"

"Ndiyo, mama."

"Na ni rafiki, si mtu wa kazi tu?"

"Yeye besi, mimi alto. Miaka tisa."

Karani akagonga muhuri. Senga alipofika nje akajishika kwenye nguzo ya taa. Wiki moja baadaye mtu wa vifurushi akamletea bahasha nyumbani. Pasipoti ilikuwa mpya, ngumu, inanuka kama kitabu cha shule siku ya kwanza, na pichani pua ilikuwa na mashavu yote mawili. Aliilaza kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati, mbali na chochote chenye maji.

Bado viza. Alhamisi walipanda treni ya asubuhi kwenda Edinburgh, Senga na barua ya mwaliko ya Yan, nakala ya kitambulisho cha Yan, tiketi, picha, fomu. Murdo alikuwa ameomba ruhusa tena. Mwalimu mkuu alimuuliza kwa upole kama marehemu bado hajazikwa.

Ofisi ya viza ilijaa wanafunzi, wafanyabiashara, mabibi na wajukuu. Namba yao ilikuwa arobaini na sita. Karani kijana, kucha za zambarau, alipitia fomu kwa kalamu mpaka akasimama, akamrudishia Senga.

"Bi, hapa hujajaza. Mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Jina umeandika Murdo Galbraith, simu ipo, pa uhusiano pako wazi."

"Mwalimu," Senga akasema, "wewe ndiye msoma fomu. Nijaze nini?"

Murdo akavua miwani, akaifuta kwenye sweta, akaivaa. "Nafasi yenyewe ni ndogo."

"Neno moja litaenea."

"Nilikuwa nimepanga kulisema ukisharudi. Nikiwa na tai. Nilikuwa nimefikiria pale Kelvingrove, karibu na..."

"Murdo, watu wako kwenye foleni."

"Andika mchumba."

Namba arobaini na saba, bwana mnene mwenye begi la ngozi, akasema, "Ehee!"

"Hiyo ni posa," Senga akauliza, "au ni kujaza fomu?"

"Vyote viwili. Utakubali?"

Senga akamsukumia karani ile karatasi. Neno lilikuwa limeshaandikwa, wino bado unang'aa. "Nimeandika ulipovua miwani. Nikikungoja wewe umalize, mtoto atajiozesha mwenyewe."

"Hongereni sana," karani akasema. "Sasa sahihi yako hapa chini, Bi. Njooni Jumatano."

Jumatano hiyo Senga alikwenda Edinburgh peke yake. Alipewa pasipoti yake dirishani, hakuifungua mle ndani. Alitoka, akakaa kwenye ngazi za jengo lingine juani, akavua viatu, ndipo akafungua. Viza ilikuwepo. Jina sawa, tarehe sawa, ukurasa mzima una rangi. Aliusoma mara nne, safari hii kila neno. Kisha pumzi ikamtoka ndefu, ya wiki tatu, na akala andazi lililokuwa kwenye mkoba, taratibu, miguu yake ikiota jua.

"Fraser," alisema kwenye simu, "mwambie Yan mama yake ana viza."

Tarehe kumi na nne Murdo alimpeleka uwanja wa ndege kwa lile gari lake linalonuka mbao. Alibeba sanduku, alibeba kikapu chenye fulana sita za sufu za kitoto, na getini akambusu, si shavuni. "Nenda," akamwambia. "Nipo."

Mtoto hakungoja tarehe ishirini. Senga alikuwa Chengdu siku mbili tu, hata hajazoea saa za kule, Yan alipomshika mkono alfajiri na kusema neno ambalo Senga hakulijua na alilielewa papo hapo.

Saa tisa alasiri alisimama kwenye korido ya hospitali, ambayo kuta zake zilipakwa kijani laini, kichanga kwenye mkono wa kushoto, simu kwenye wa kulia. Glasgow ilikuwa saa mbili asubuhi. Murdo alipokea kabla hata mlio haujakamilika.

"Amekuja," Senga akasema.

"Nani?"

"Mtoto, baba wee! Wa kike. Ana nywele nyeusi kama burashi ya viatu."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Tangu alfajiri mkono wangu ulikuwa wake. Yan ana nguvu yule! Kidole cha sindano kimevimba, sitashona mwezi. Amelala sasa, Fraser yuko naye. Kabla hajalala kaniita mama, Murdo. Kwa lugha yake, kisha kwa yangu."

Alisikia upande wa pili mtu akipenga kamasi.

"Unalia?"

"Chai ya moto."

"Ndiyo, chai." Senga aliegemea ukuta. Uchovu wote wa foleni, wa ndege, wa ule mlango aliowahi kuufunga, ulikuwa unamtoka miguuni taratibu kama maji. Mtoto akakunja uso, akatoa sauti nyembamba ya kudai. "Unamsikia?"

"Namsikia."

"Msalimie basi. Usimwache hivi hivi. Mwambie wewe ni nani."

Akaishusha simu kwenye sikio dogo, akajiandaa kungoja, maana alimjua mtu wake.

"Mimi ni babu yako," Murdo akasema. Safari hii hakufikiri.